Hakuna Aliyeniuliza Kuhusu Mguu

Nilikuwa nimelea watoto wawili kabla sijabeba mimba yangu ya kwanza. Nalisema hilo mapema ili asije mtu akanieleza kwamba sikujua kushika mtoto.

Baba yetu aliangukiwa na ukuta kwenye mjengo, na kabla mwaka haujaisha Mama naye akafa kwa ugonjwa wa kifua. Mimi, Nafula, ndiye mkubwa wao, kwa hivyo niliacha shule nikiwa kidato cha pili. Ndugu yangu Simiyu alikuwa shule ya msingi, na Nanjala, mdogo wetu wa mwisho, alikuwa bado analala akinyonya kidole. Nilijifunza kufuma sweta za shule kwenye chumba cha mama mmoja hapa Umoja, kwa mashine ya kusukuma kwa mkono, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Kwa sweta hizo wadogo zangu wote wawili walimaliza kidato cha nne.

Nilikuwa nimepita miaka ishirini kidogo mguu wangu wa kushoto ulipovimba. Ulikuwa msimu wa Januari, wakati kila mzazi anataka sweta yake iwe ilikuwa tayari jana. Mguu ulianza kuuma nyuma ya goti, kisha ukajaa kuanzia paja hadi kifundo, wa moto, ngozi inang'aa kama mfuko wa plastiki uliojazwa maji. Shangazi yangu alipanda basi kutoka magharibi akaja kunitazama. Aliubonyeza mara moja tu.

"Huyu amekanyaga," akasema.

Kwetu kukanyaga ni kupita juu ya dawa ambayo mtu mbaya amemtegea mwingine njiani. Shangazi alinichanja kwa wembe, akapaka unga mweusi, akafunga kitambaa. Kisha akaniinamia.

"Usimwambie mtu. Nani ataoa msichana aliyekanyaga?"

Mguu ulipungua polepole, lakini haukurudi sawa na mwenzake. Ulibaki mweusi kidogo, mzito kidogo. Nilivaa sketi ndefu nikaendelea na kazi.

Miaka michache baadaye niliolewa na Musyoka, Mkamba, dereva wa lori la kokoto linalopeleka mawe kwenye majengo ya Njiru. Ni mtu wa maneno machache. Baba yake alikuwa amefariki, na mama yake alikuwa na nyumba yake hukohuko Njiru. Nilimwita Mama tangu siku ya kwanza, na kwa kuwa nilikuwa sina wangu, nililisema neno hilo kwa moyo.

Mimba ya kwanza niliificha. Kwetu na kwa akina Musyoka ni mamoja: mimba changa haitangazwi, macho ya watu ni mengi. Unavaa sweta kubwa, unanyamaza, na kliniki utaenda tumbo likishindwa kujificha. Tumbo langu halikufika huko. Ya pili pia niliificha, na ya pili pia ikaenda. Kwa hizo mbili, ukitafuta katika vitabu vya kliniki, mimi sikuwahi kuwa mjamzito.

Ile ya pili ndiyo iliyonipeleka hospitali. Tulikaa kwenye benchi moja, wenye matumbo makubwa na sisi tuliokuwa tumefunga leso kiunoni kuficha damu. Muuguzi alitoka mlangoni akapaza sauti.

"Wale wa kutokwa na damu, mkono juu!"

Tuliinua mikono kama watoto wa darasani. Mwanamke mmoja alishindwa, akauinua mkono wake nusu kisha akaurudisha chini. Nikaingia ndani, na kabla hajaniuliza ninaumwa wapi, muuguzi akaniuliza akiwa anavaa glavu:

"Ulitoa ngapi ukiwa msichana?"

"Sijawahi kutoa."

"Wote husema hivyo."

Nataka utulie kwenye jibu hilo kama nilivyotulia mimi, miguu yangu ikiwa juu. Nilikuwa nimetumia usichana wangu kuchemsha uji wa watoto wa mama yangu.

Baada ya kusafishwa walinilaza kitanda kimoja na mwanamke aliyekuwa ametoka kujifungua, yeye kichwa huku, mimi kichwa kule. Nilimsikia mtoto wake akinyonya. Yule mama hakuniambia pole. Alimgeuzia mtoto upande wa ukuta, akanimiminia nusu ya chai yake kwenye kifuniko cha chupa, akanisukumia. Simjui jina na sijasahau chai ile.

Daktari alipopita nilimuuliza kwa nini.

"Hutokea," akasema. "Wewe bado kijana. Nenda ujaribu tena."

Kama mtu aliyeanguka mtihani wa kuendesha gari! Mimi sweta ikitoka na shimo, nafumua mpaka nijue uzi umekatikia wapi. Sijawahi kumwambia mzazi kwamba mashimo hutokea.

Mimba ya tatu ilifika mwezi wa tano. Ilicheza. Nilikuwa nimeanza kliniki, nina kadi, nina matumaini ambayo sikumwambia hata Nanjala. Siku moja ikaacha kucheza. Alikuwa mvulana. Waliuliza kama nataka kumwona, na Musyoka akasema hapana kabla sijafungua mdomo. Alidhani ananihurumia. Nilikaa bila kuzungumza naye mpaka mvua zikaisha.

Kitu ambacho hakuna aliyenionya juu yake ni maziwa. Nilikuwa nyumbani, nasukuma mashine, nikasikia kifua kimelowa. Matiti yalikuwa yamejaa kwa ajili ya mtoto ambaye hakuwepo. Nilifikiri naugua ugonjwa mwingine. Nanjala alinifunga kwa leso, akavuta kwa nguvu kama anafunga mzigo wa kuni, huku analia kuliko mimi. Kama yatakufika, jua kwamba hukauka. Lakini aliyenitoa hospitali alikuwa na mdomo, angeweza kusema.

Hapo ndipo maneno ya ukoo yalipoanza kusemwa waziwazi. Kwanza ilikuwa mashine: ati kusukuma kushoto kulia kunamtingisha mtoto. Kisha ilikuwa mimi kubeba mitungi ya maji. Kisha mama mkwe alikuja akakaa kwenye kochi letu, mkoba wake mapajani, akasema alichokuwa amekuja kusema.

"Nafula, wazazi wako hawajatulia."

"Wazazi wangu wamezikwa, Mama."

"Watu wawili, mwaka mmoja? Hicho si kifo cha bure. Hao wako wanawataka hawa watoto."

Musyoka alikuwa amekaa papo hapo, anatazama viatu vyake. Nilimngoja aseme kitu. Aliendelea kuvitazama. Baba yangu alikufa kwa sababu mwenye jengo aliiba saruji, na Mama alikufa kwa sababu alikohoa akifanya kazi mpaka kazi ikamshinda. Sasa walikuwa wameamshwa makaburini wafanywe walaji wa wajukuu. Kuna matusi mengi niliyosamehe. Hilo nimelisamehe nusu.

Na usisahau hili: katika miaka hiyo yote hakuna aliyemuuliza Musyoka swali lolote. Hakupimwa hata joto. Alikuwa akinisubiri nje kwenye lori, na watu wakimpa pole kwa mke aliyempata.

Kwa mimba ya nne nilitii kila kitu. Niliacha mashine msimu mzima wa Januari. Nililala. Nilipakwa mafuta katika kanisa la mama mkwe, kanisa la mabati huko Njiru, na mchungaji akavunja laana ya ukoo wangu kwa sauti ambayo iliwafanya watoto wa jirani waje kuchungulia. Mimba ilitoka mwezi wa tatu. Nilipoteza mtoto na nikapoteza Januari.

Wiki chache baadaye mguu wa kushoto ukavimba tena. Safari hii nikaanza kushindwa kuvuta pumzi, kila nikivuta ni kama kisu mbavuni. Simiyu, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye ndevu, alinibeba mgongoni kutoka chumbani hadi barabarani.

"Dada, kumbe wewe ni mzito hivi," akasema akihema. "Na unatuambia hakuna chakula."

Hospitali ilikuwa nyingine. Daktari alikuwa mwanamke kijana, amechoka, anakula biskuti amesimama. Aliushika mguu wangu, akaupima kwa utepe, kisha mwenzake.

"Huu umewahi kuvimba hivi siku nyingine?"

Nilimsikia shangazi yangu sikioni. Lakini mtu asiyeweza kuvuta pumzi hana nafasi ya aibu. Nilimweleza yote, wembe, unga mweusi, kukanyaga. Hakucheka.

"Una watoto?"

"Sina."

"Umewahi kushika mimba?"

"Nne."

Aliiweka biskuti mezani.

"Nani alikupima damu baada ya hizo nne?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Waliniambia nijaribu tena."

Alikaa chini. Akanieleza kwa Kiswahili nilichokielewa kwamba huenda mguu na mimba ni ugonjwa mmoja. Kwamba kuna watu ambao damu yao huganda upesi kuliko inavyotakiwa, ikaziba mshipa wa mguu, na ikaziba pia njia ambazo mtoto anapitishiwa chakula tumboni. Kwamba kwa wanawake wengine sababu ni mlango wa uzazi usiokaza, au sukari, au tezi ya shingoni, au jambo linalotoka kwa mume sawa na mke, na wengine hupimwa yote na sababu isionekane. Lakini kupimwa wanastahili kupimwa. Alilisema hilo la mwisho kama mtu anayegombana na mtu asiyekuwepo chumbani.

Nilipimwa. Nikaambiwa lazima wapime tena baada ya miezi mitatu wawe na hakika, nami nikangoja miezi mitatu, nikimeza vidonge vya kulainisha damu na kufuma sweta za muhula wa pili. Majibu yakarudi yaleyale. Nilipoyasikia sikulia. Nilishikwa na hasira ambayo sikujua mwili wangu unaweza kuibeba. Kwenye vyumba vya uzazi hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu mguu. Shangazi aliushika mguu akaona uchawi. Mama mkwe aliona makaburi. Mchungaji aliona laana. Watoto wanne walipita katikati ya watu wote hao wenye uhakika, na swali lililohitajika lingemalizika kabla chai haijapoa.

Daktari alinipa sharti. "Vidonge hivi na mimba haviendi pamoja. Ukichelewa kuona siku zako, usikae nyumbani kusubiri. Njoo mbio niviondoe nikupe sindano."

Kwa hivyo mvua za masika za mwaka uliofuata zilipoanza na mimi nikachelewa, sikuvaa sweta kubwa. Nilienda hospitali asubuhi yake, na jioni nikaita kila mtu nikatangaza. Mama mkwe alishika kichwa.

"Mimba ya juzi unaitangaza kama mkutano wa siasa?"

"Zile mbili za kwanza nilizificha, Mama. Zilifichika vizuri?"

Sindano ilikuwa kila siku, tumboni, chini ya kitovu, upande huu leo, upande ule kesho. Bei yake sitaitaja, nisije nikapandisha damu baada ya kuilainisha. Siku ya kwanza Musyoka ndiye aliyepaswa kunichoma. Dereva anayeshuka mteremko na tani za mawe mgongoni alisimama mbele yangu jasho linamtoka mpaka puani. Simiyu alikuwa mlangoni anakula ndizi.

"Manze, Musyoka! Lori huogopi, sindano ndogo hivi inakumaliza?"

"Lori halina ngozi."

"Fanya kama unatia hewa kwa tairi."

"Simiyu, toka," nikasema. Musyoka akacheka kwa mara ya kwanza tangu yule mvulana, na akiwa bado anacheka akanichoma. Haikuuma sana. Baada ya wiki kadhaa tumbo langu lilikuwa na madoa ya bluu, ya kijani, ya njano, mengine mapya, mengine yanafifia. Nilipooga nilijitazama nikaona tumbo lililopigwa, nalo linakua.

Mwezi wa saba mama mkwe alikuja kukaa nasi. Nadhani alikuja kwa upendo, kwa sababu alifua, alipika, alinikanda mgongo. Lakini kanisa lao lilikuwa katika juma la kufunga, na huko wana desturi: mgonjwa mwenye imani hupeleka dawa zake madhabahuni na kuziacha. Nimeona watu wakiacha dawa za presha, za sukari, za kifafa, na watu wakipiga makofi. Mchungaji alikuwa amemwambia kwamba huwezi kumwamini Mungu na sindano kwa wakati mmoja.

Siku hiyo ilipofika saa yangu ya kuchomwa nilifungua kabati. Boksi la sindano halikuwepo, na mama mkwe pia hakuwepo.

Nilimpigia Musyoka, aliyekuwa akishusha kokoto hukohuko Njiru. Nikamwambia neno moja tu: "Madhabahuni." Mimi nikachukua bodaboda, jambo ambalo nilikatazwa, na njia nzima nilimwambia yule kijana aendeshe kama amebeba mayai.

Waliponiona naingia waliimba zaidi, wakidhani nimekuja kuombewa. Boksi langu lilikuwa juu ya kitambaa cheupe, kati ya chupa ya dawa ya mtu na miwani ya mtu mwingine. Nilipanda madhabahuni na patipati zangu za plastiki miguuni. Mchungaji akanyoosha mkono juu ya kichwa changu.

"Dada, umekuja kuachilia?"

"Nimekuja kuchukua."

Nyimbo zikakatika. Mama mkwe alisimama kutoka safu ya mbele. "Nafula, usinitie aibu mbele ya watu wa Mungu. Usichukue tena ulichotoa."

"Sikutoa, Mama. Kilitolewa kabatini."

"Ukikigusa, laana ya wazazi wako inarudi!" mchungaji akasema, na nikasikia watu wakivuta pumzi.

Nilikuwa nimeshika boksi kwa mikono miwili. Mtoto alinipiga teke ubavuni. Niliwageukia wale watu nikawaambia kwamba baba yangu aliuawa na ukuta mbovu na mama yangu aliuawa na kifua, kwamba hawajawahi kumnyima mtu kitu, na kwamba mtu atakayewataja tena mahali hapo atanitaja mimi kwanza. Sikupiga kelele. Pumzi za kelele sikuwa nazo.

Musyoka alikuwa amefika, amesimama mlangoni, vumbi la kokoto kichwani. Nilidhani atatazama viatu vyake.

"Mama," akasema, "panda lori nikupeleke nyumbani kwako. Nyumbani kwangu utarudi mtoto akishazaliwa."

Kisha akaja hadi mbele, akaniketisha kwenye benchi la kwanza la waimbaji, akafungua boksi, akanichoma palepale. Safari hii jasho halikumtoka. Mwimbaji mmoja alinishikia blauzi isishuke.

Walinipasua kabla ya siku kutimia, kwa mpango, na yule daktari wa biskuti alikuwa ndani. Alitoka msichana, mdogo, mwekundu, mwenye hasira kuliko mimi. Alipiga kelele mpaka muuguzi akasema, "Huyu amekuja na kesi." Nilimngoja anyamaze, na alipoendelea nikatamani asinyamaze kabisa.

Nilichomwa sindano wiki nyingine kadhaa baada ya kujifungua, na vidonge nameza hadi leo. Mama mkwe alirudi na kuku na vitambaa, akambeba mtoto, akalia. Tulipatana. Lakini sikiliza anachowaambia watu wa Njiru mpaka hivi sasa: anasema zile sindano zilikuwa maji matupu mpaka zilipokaa madhabahuni, na kwamba ni ile saa moja juu ya kitambaa cheupe iliyomleta mjukuu wake. Mchungaji anasimulia hivyohivyo. Nimewasahihisha, nimechoka.

Mwezi uliopita mwanamke alikuja kwenye chumba changu cha kufumia. Alitaka sweta ya shule, rangi ya maruni. Nikachukua utepe nikamuuliza mtoto ana miaka mingapi. Akatazama mlango. Nikamuuliza kifua cha mtoto ni cha kiasi gani, ni mrefu, ni mfupi? Mikono yake ikashuka tumboni yenyewe. Niliisimamisha mashine, nikafunga mlango.

"Ni wangapi?" nikamuuliza.

"Watatu." Kisha akasema haraka, kama mtu anayeogopa nitamkatiza, "Nimesikia wewe uliombewa madhabahuni. Nimekuja uniambie kanisa ni lipi."

Nilimweleza kila kitu nilichokueleza wewe. Nilimwambia aombe popote anapotaka, lakini Jumatatu asubuhi aje tuende pamoja apimwe, na mume wake aje pia. Alisikiliza kwa adabu. Alisema atafikiria. Jumatatu nilimngoja mpaka adhuhuri, mtoto mgongoni, na hakuja, na najua alikoenda.

Sikumwuliza jina lake. Ni mwembamba, ana pengo la meno ya mbele, anazungumza chini chini. Kama ni wewe, au ukimjua, rudi. Mimi niko palepale, nyuma ya duka la unga. Usiagize sweta. Ingia tu, useme umekuja.